Uso wa Jemadari wa Kushi

Usingizi unamchukua Mzee Mkude saa nane mchana, tumbo limejaa wali na kisamvu, kidevu kimeegemea ukingo wa meza ya vita. Binti yake Mwamini ameshamwambia kwa upole kwamba saa kumi anahamishia cherehani yake pale, na wale askari atawapanga vizuri kwenye kasha. Ni askari wa kuchezea wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole gumba, Warumi wa Mkude na Wakushi wa mtani wake Lugembe, walioyeyushwa na kusubiwa kwa siri kwenye karakana ya reli enzi zile wote wawili wana nywele. Vita hivi vya mwisho vimesimama miezi saba, tangu Lugembe alipokwenda hospitali akisema Jumatatu anarudi. Jemadari wake mpya amezingirwa, zamu ni ya Mkude, dadu iko palepale, naye haigusi, kwa sababu anajua mchezo ukiisha na Lugembe atakuwa amekwisha kweli.

Anafumba macho na kitambaa cha kijani cha mezani kinapanda mpaka magotini, kinakuwa majani, na njia iliyo mbele yake ni ule utepe wa kupimia waliouazima kwa mke wake wasiurudishe, namba zake zinafika sitini zinaanza upya, sitini zinaanza upya. Anapita mji walioujenga kwa trei za mayai. Ng'ambo ya mto wa utepe wa buluu kuna mji uleule, na mzee mwingine mwenye kipara anatembea huko akimtazama. Askari wa Kirumi anatokea kumwongoza, wa kwake mwenyewe, hana macho wala mdomo. Mkude hashangai. Ndiyo sheria yao: askari mpya hachorwi uso mpaka arudi hai kutoka vita vyake vya kwanza, na anayemchora si mwenye askari, ni adui aliyeshindwa kumuua. Lugembe, mtani asiye na haya, alikuwa akiwachorea Warumi wote masharubu yaliyopinda kushoto. Mkude alinuna wiki nzima, kisha akawapa Wakushi masikio kama ya sungura, na hivyo wakaenda miaka arobaini na mmoja, kila Jumamosi, chai ikipoa. Jamani, raha ile. Anauliza jemadari yuko wapi. Mwongozaji anasema yuko mbali kwa zamu moja. Anauliza ni mwendo wa muda gani. Miezi saba, ukitembea hivyo unavyotembea. Na mji unageuka, na utepe unaanza upya, na mara jemadari yuko mbele yake juu ya tembo, na pale palipotakiwa kuwa na uso pako laini kama sabuni.

Mtani, cheza, anasema, na sauti ni ya Lugembe, na kikohozi chake pia.

Nikicheza utakufa.

Usipocheza sina uso. Miezi saba nimekaa juu ya mnyama huyu sioni hata unavyozeeka.

Mkude analia bila kujificha. Anainua dadu, kubwa kama tofali, anaiachia, inabingirika majanini na kutulia kwenye moja. Amekosa. Jemadari amepona, vita vimekwisha, na brashi iko mkononi mwa Mkude. Anaogopa kwamba amesahau, lakini mkono unakumbuka: jicho moja dogo kuliko jingine, pengo la mbele, na yale masikio. Jemadari anamtazama, anacheka, anasema, sasa wa kwako.

Baba, saa kumi, anasema Mwamini, kasha mkononi. Mkude anainua kichwa. Dadu imelala kwenye moja, na jemadari juu ya tembo ana pengo na masikio ya sungura. Mwamini anasema alidhani baba ameacha kuchora. Mkude anadhani huenda alichora usingizini, wazee hufanya mambo. Anaanza kuwapanga Warumi mwenyewe, mmoja mmoja, hana haraka tena, mpaka anafika kwa yule mpya wa mbele, aliyemwongoza ndotoni, ambaye hakuwa na uso na ambaye yeye, kwa sheria, haruhusiwi kumgusa kwa brashi. Askari anamtazama kwa macho mawili. Masharubu yake yamepinda kushoto, na rangi bado mbichi.