Benchi la Nyuma Kabisa

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, fundi wa mifumo aliweka kikombe chake cha chai juu ya seva ya hospitali, chini ya bango lililokataza kuweka vikombe, akawasha toleo jipya kwa majaribio. Mfumo uliopanga zamu za wagonjwa wa upasuaji ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Walioujenga walikwisha kuhama au kustaafu, na kampuni iliyotengeneza kiunzi chake, yaani ile mifupa ambayo programu nzima imeshikizwa juu yake, ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Jumamosi inanawa mikono. Baada ya hapo mdukuzi yeyote angeingia na kutoka apendavyo. Kazi ya fundi ilikuwa kuuhamishia mfumo kwenye kiunzi cha kisasa bila mgonjwa hata mmoja kugundua kwamba amehamishwa.

Toleo la zamani lilikuwa na mazoea ya kuyaficha majina yaliyokaa miaka mitatu bila kuguswa. Toleo jipya halikujua kuficha. Lilimtoa hadharani kila mtu ambaye mbele ya jina lake paliandikwa "anasubiri", likayahifadhi upya mafaili ya waliofichwa, na wenyewe likawaweka mkiani mwa orodha. Walikuwa thelathini na mmoja. Fundi aliandika idadi hiyo kwenye daftari, akamalizia chai yake.

Saa tatu walifika wenyewe. Wote walikuwa wamefariki. Walikuja wamevaa nguo safi, na kila mmoja alibeba mkoba wenye taulo, mswaki na bahasha ya eksirei, kama walivyoelekezwa walipokuwa hai. Mlinzi aliwaandikisha kwenye kitabu cha wageni, na safu ya "muda wa kutoka" akaiacha wazi. Wakaketi kwenye ukumbi wa kusubiria, kwa mpangilio uleule wa orodha, nyuma ya watu wenye uhai. Viti vikapelea.

"Kufa wamekufa, lakini nafasi wanachukua ileile," alisema mwanamke wa usafi, akaenda ghala kuomba mabenchi manne.

Mkurugenzi alishuka kuwatazama. Aliuliza wako sehemu gani ya orodha. Alipoambiwa mkiani, akasema basi hawamsumbui mtu, akapanda tena.

Mama yake fundi alikuwa benchi la pili kutoka nyuma, amepakata mkoba. Alikufa miaka minne iliyopita, baada ya kungoja upasuaji wa moyo kwa miaka miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Kazi, mama."

"Kazi hailiwi. Hebu niangalizie, mimi ni wa ngapi?"

Fundi akaenda kuangalia. Alikuwa wa mia tatu na kumi na tisa. Hakuwa na moyo wa kumwambia, akasema bado kidogo.

Jumatano, mtu mmoja mwenye duka la viatu alisikia kwamba kaka yake marehemu yupo ukumbini, akaja kumuulizia kwenye dirisha la tatu. Karani wa dirisha hilo alikuwa mtu wa adabu. Kwa miaka yote ya kazi yake, aliyeuliza habari za mgonjwa hakuondoka hivihivi. Karani alifungua faili la mgonjwa kwenye kompyuta, akaandika "ameuliziwa" na tarehe, akabofya Hifadhi, akageuza kioo ili mwulizaji aone mwenyewe. Watu walimpenda kwa hilo. Safari hii, alipobofya tu, yule marehemu aliinuka kwenye benchi la mbele la wafu, akachukua mkoba wake, akaenda kuketi benchi la nyuma kabisa.

Fundi alikuwa kwenye ngazi, akaona. Kabla ya saa nne aliona wengine wawili wakiuliziwa, wakiinuka na kurudi nyuma. Alirudi ofisini, akafungua programu, akasoma mstari kwa mstari hadi akaufikia. Orodha haikupangwa kwa tarehe ya mgonjwa kuandikishwa. Ilipangwa kwa tarehe ambayo faili lake lilihifadhiwa mara ya mwisho. Aliyeguswa leo alihesabiwa kuwa amefika leo. Pembeni ya mstari huo mtu alikuwa ameacha maneno: "Kwa muda tu. Nitarekebisha wiki ijayo." Yalikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Kisha akafungua faili la mama yake. Ameuliziwa mara mia moja na nne. Mara zote mwulizaji alikuwa yeye. Kila Jumatatu saa nne asubuhi, kwa miaka miwili, alipiga simu dirisha la tatu, na alijivunia kwamba hakuwahi kuruka hata wiki moja. Wagonjwa wasio na mtu wa kuwaulizia walifanyiwa upasuaji, wakarudi nyumbani kwao. Fundi alilia kwa sauti, mlango ukiwa wazi, kisha akanawa uso kwenye sinki la maliwato.

Alimweleza karani. Karani alivua miwani, akaikunja, akaivaa tena.

"Nilikuwa naandika ili msijione mmepuuzwa," alisema. "Na kanuni inataka niandike."

Alhamisi fundi aliusahihisha ule mstari. Ilichukua dakika mbili. Majina yakajipanga upya kwenye skrini ya ukumbini, na mama yake akawa wa kumi na nane, ndani ya ishirini wa kupasuliwa wiki hiyo. Muuguzi wa chumba cha upasuaji alitoka, akaita jina lake bila kukosea hata herufi moja. Mama aliinuka, akanyoosha gauni lake kwa viganja, akatembea hadi mlangoni. Muuguzi akamkabidhi joho la kijani na kumwambia asubiri hapo, wanatandika kitanda.

Lakini programu ya kulinganisha, ile inayoweka orodha ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, ilikuwa nyekundu kuanzia juu hadi chini. Mkurugenzi akamwita fundi.

"Uliajiriwa kuhamisha, si kupanga upya."

"Watu wanakufa kwa sababu ya mstari mmoja, mkurugenzi."

"Naelewa. Sasa tukiubadilisha leo, wataniuliza kwa nini jana haukuwa hivyo. Andika ripoti. Kamati itakaa."

"Itakaa lini?"

"Kamati nayo ina orodha yake."

Alisema pia, bila hasira, kwamba kama fundi hawezi, yupo mwingine atakayeweza, na Jumamosi iko palepale. Fundi alijua ni kweli. Aliurudisha mstari shingo upande, na rangi nyekundu ikaondoka. Huko ukumbini muuguzi alimwomba mama samahani, akachukua lile joho na kulikunja. Mama akarudi benchi lake.

Ijumaa mfumo ulizinduliwa. Taarifa ilisema kwamba hakuna hata mgonjwa mmoja aliyebadilika nafasi. Watu walipiga makofi, na fundi akapewa cheti.

Jumatatu, saa nne kasoro, alipita ukumbini. Mabenchi manne sasa yalikuwa na namba za hospitali kwenye miguu. Akaketi kando ya mama yake, akamweleza yote: mstari, kitufe, zile simu mia moja na nne. Akasema, "Mimi ndiye niliyekurudisha nyuma, mama. Nisamehe." Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saa nne."

"Basi nenda kaniulizie."

"Mama, nikikuulizia utarudi nyuma."

"Nimesikia, mwanangu. Lakini nisipouliziwa, hawa wenzangu watasema sina mtu."

Fundi aliinuka. Kisha akaenda dirisha la tatu, akapanga foleni nyuma ya watu wawili. Zamu yake ilipofika, alitaja jina. Karani alimtazama, akatazama ukumbini, akaandika neno lake na tarehe. Akageuza kioo. Nyuma yao mama alikuwa amekwisha kuinuka, mkoba mkononi, akiwaomba watu wampishe apite.