Kaka Amemwandikia Kipara

Kaka yangu alipoacha ukandarasi akaanza kutengeneza tovuti na kuandika makala, nilicheka mpaka nikaketi juu ya mfuko wa simenti. Mwanamume mzima, viganja vipana kama koleo, anabofyabofya vitufe! Nikamwambia mke wangu, "Muache tu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Njaa ikimkamata atarudi."

Hakurudi. Na ukweli ni kwamba dalili zilikuwapo zamani. Tulipokuwa kampuni moja, mimi nilichelewesha kazi, yeye aliandika barua za kuwaomba radhi wateja, tena kwa utamu kiasi kwamba mteja mmoja alimsomea mkewe. Sasa wakandarasi walimfuata nyumbani awatengenezee tovuti na kuwaandikia habari za kazi zao. Mtaani watu wakaanza kuniuliza, "Wewe ndiye mdogo wake Mwandishi?" Nimebeba zege maisha yangu yote, leo nimekuwa mdogo wake mtu! Roho iliniuma, sitaficha.

Kisha daktari wa meno akanipigia simu. Nilikuwa namjengea ukuta wa uzio, na alishaniahidi kazi kubwa ya kliniki yake.

"Fundi, samahani," akasema. "Nimesoma habari za Kipara kwenye tovuti yake. Zimenivutia sana. Nafikiria kumpa yeye kliniki. Nitapita Jumatatu tuongee."

Kipara! Mpinzani wangu, ambaye tukikutana dukani hununua misumari kwa sauti ili nisikie. Nikaifungua hiyo tovuti, na kabla sijamaliza sentensi ya kwanza nilijua nani kaandika. Ndugu yangu wa tumbo moja amezipamba kuta za Kipara kama bibi harusi.

Nilikwenda kwake na matope yangu. Shemeji alinifungulia mlango, akatazama viatu vyangu, akanikaribisha kwa shingo upande.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" nikaanza. "Kipara umemwandikia, mimi ndugu yako umeniacha kwenye mataa!"

Kaka hakuondoa macho kwenye kompyuta. "Salamu kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Kipara alikuja akaniomba. Wewe ulikuja lini?"

Kumwomba kungekuwa kukubali kwamba ile nayo ni kazi.

"Basi nakuomba," nikasema. "Niandikie kabla ya Jumatatu."

Akafunga kompyuta. "Twende saiti."

Nilidhani anakwenda kupiga picha. Kumbe mfukoni alikuwa na timazi, ule uzi wake wenye kipande cha chuma mwishoni.

"Siandiki ukuta ambao sijaupima," akasema. "Hata Kipara nilimpima."

Akapanda ngazi, akauning'iniza uzi kwenye uzio wa daktari, tukasubiri chuma kitulie. Juu, uzi uligusa tofali. Chini, vidole vyake viwili vilipita kati ya uzi na ukuta bila shida.

"Lipu itaficha," nikasema haraka. "Wewe andika tu. Mbona barua zote zile uliandika?"

"Zile zilisema tumechelewa, na kweli tulikuwa tumechelewa. Hii siwezi, mdogo wangu."

Nilitaka kumkunja shati. Lakini kilichonitoka kinywani kilikuwa kingine kabisa.

"Wa Kipara ulikuwaje?"

Akaanza kuuzungusha uzi kidoleni.

"Umenyooka," akasema.

Afadhali angenizaba kibao. Sifa zote alizommwagia Kipara kwenye ile tovuti hazikunichoma kama neno hilo moja, alilolisema kwa kunionea huruma.

Nikachukua nyundo kubwa. Kaka akakunja mikono ya shati lake safi. "Tubomoe wote?"

"Kaa pembeni. Ukuta ni wangu."

Jumatatu daktari alikuta kifusi. Nilimweleza kilichotokea, akanishukuru kwa adabu zote, na kliniki akampa Kipara. Nilijenga ule uzio upya, kila mstari wa tofali naupima huku namlaani Kipara kimoyomoyo. Ulipokamilika nikamwita kaka. Aliupima mwanzo hadi mwisho, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa simu na kuanza kuandika. Mimi nikasimama nyuma yake, nikichungulia juu ya bega lake nione kama amenisifu kumzidi Kipara.