Pakiti Haina Kosa

Jumanne asubuhi, fundi cherehani alipokuwa akikunja pindo la sketi ya shule, moshi ulianza kumtoka mdomoni. Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, kisha akamwomba mteja asogeze shati lake jeupe lisije likanuka.

Miaka ishirini alikuwa akiweka ugoro chini ya mdomo. Sigara hakuitaka kabisa. "Niwashe moto katikati ya vitambaa? Unataka tuungue sote?" humwambia mtoto wa kaka yake, muuguzi wa kliniki ya meno.

Muuguzi ndiye aliyeliona doa jeupe ndani ya mdomo ule, na tangu siku hiyo hakuwa na amani. Alisema weee, akawa kama anampigia mbuzi gitaa. Shangazi alijibu kwamba ugoro ungekuwa na madhara, pakiti ingeandikwa, mbona sigara zimeandikwa? Basi muuguzi akaiandikia idara ya kudhibiti tumbaku barua tatu, akiomba pakiti za ugoro zibandikwe onyo. Mara tatu alijibiwa yaleyale: onyo ni la tumbaku yenye moshi, na ugoro hauna moshi.

Kwa hiyo alipouona moshi wa shangazi alifurahi kwanza, ndipo akaona aibu kwa kufurahi. Alimshika mkono, wakaenda idarani.

Mkuu wa idara alifungua dirisha. Aliiweka pakiti ya ugoro mezani, akaitazama nusu saa nzima huku akinywa chai. Haikutoa moshi.

"Moshi ni wa mama," alisema. "Pakiti haina kosa."

"Na mama kaupata wapi?"

"Sheria haijauliza hivyo, dada. Sheria ni msumeno."

Msumeno gani huu, unaomkata mgonjwa na kuuacha ugonjwa? Muuguzi alitamani kuipindua ile meza na chai yake. Kilichomzuia ni kufinywa na shangazi.

Mkuu alikuwa mtu wa taratibu. Kitoacho moshi lazima kiwe na onyo, nusu ya upande wa mbele, pamoja na picha. Shangazi alijipima mwenyewe kwa futi yake, kutoka shingoni hadi kiunoni, akamtajia vipimo. Mkuu alichapa karatasi yenye picha ya mdomo uliooza, akambandikia kifuani. Kingo zilipoanza kubanduka, shangazi aliomba pini akazishikiza vizuri, maana kazi mbovu haivumilii.

Njiani watu waliisoma, wakampisha. Mwenye duka aliisoma hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akamsihi asiwapulizie watoto. Kisha, bila kuulizwa, akampa pakiti yake ya ugoro ya kila siku, yenye picha ya waridi.

"Unaona, mwanangu?" shangazi alimwambia muuguzi, akiigeuza pakiti pande zote. "Hapa hawajaandika kitu."

Akachota kidogo kwa vidole viwili, akatafuta chini ya mdomo mahali pasipouma.