Kiwanja Namba Mia Mbili

Saa nne kamili binti yao angepiga simu ya video kuwaonyesha mtoto aliyejifungua juzi huko mbali. Saa nne kasorobo televisheni, iliyopaswa kupokea picha kutoka kwenye simu, bado ni giza tupu, na Mzee Mipaka jasho linamchuruzika.

Jina hilo alibandikwa na mkewe. Miaka thelathini na mitano alipima viwanja, akastaafu, lakini mkono haukutulia. Hata mchicha aliupanda kwa kamba. Jana basi akakigeukia kisanduku kinacholinda mtandao wa nyumbani. Kila kifaa humo kina namba yake, naye akaugawa mtandao vipande viwili: namba za chini za familia, za juu za wageni. Wageni gani? Hata yeye hakuwajua!

"Baba watoto, acha tu. Nitamwona kwenye simu," mkewe akasema taratibu.

Maneno hayo yalimchoma. Macho ya mama huyu yalikuwa yamefifia, na kwenye simu kila mtu kwake alikuwa ukungu. Kioo kikubwa cha televisheni ya sebuleni ndicho pekee kilichompa sura za watu.

Mzee akakagua waya, akazima, akawasha, akakilaani kiwanda. Simu ipo hewani, televisheni ipo hewani, ila hazionani! Mwishowe akavaa miwani, akasoma namba. Simu, ishirini na moja. Televisheni, mia mbili, aliyoipa mwenyewe mwaka jana. Na mpaka wake mpya ulipita kwenye mia na ishirini na nane.

"Lahaula! Nimeipima televisheni yetu nje ya nyumba!"

Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe mwanamume! Umeifanya mgeni sebuleni kwake?"

Maisha yake yote Mzee hakuwahi kung'oa jiwe la mpaka. Leo alifuta ile mia na ishirini na nane bila kupepesa, akaandika sifuri, yaani hakuna mpaka, nyumba ikarudi kiwanja kimoja. Akazima simu, akaiwasha ichukue mpangilio mpya. Haikumaliza dakika, ikaita.

Kioo kikajaa uso mdogo, umekunjamana, unapiga miayo. Mama akainuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ana kidevu chako," akasema, machozi na kicheko pamoja. "Jamani, ninakiona!"

Mzee alijua kabisa kwamba televisheni hutazamwa kwa umbali wa mita mbili. Akaumeza ushauri wake, akambebea kiti hadi pale pale alipo.