Pimbi wa Tumainieli

Tumainieli, mhunzi wa Vudee milimani Upare, aliteremka bomani Same asubuhi kwa hasira. Nyuma yake Priska mkewe alikuwa amembeba binti yao Eliwaza wa miezi minne, ambaye kanisa lilikataa kumbatiza.

Kosa? Baba yake alisubu kwa shaba sanamu ya mungu wa Kihindi.

Kweli, alisubu. Jeramu, Baniani mwenye duka Same, alimletea picha ya Ganesha na kumsimulia habari zake: mama alimweka mwanawe mlangoni amlinde akioga, baba akarudi, akazuiwa, akamkata kichwa bila kumjua, kisha kwa majuto akampa kichwa cha tembo.

"Kakatwa kwa kulinda mlango wa mama yake," alisema Tumainieli. "Huyu namwelewa."

Picha ilikuwa imechanika chini. Jeramu akamwambia mungu huyo hupanda panya. Panya ambebe tembo! Tumainieli akafinyanga kwa nta pimbi wa majabali ya kwao: mnene, hana mkia, meno mawili yamechomoza kama pembe za ndovu. Hapo angalau kuna udugu. Shaba ilipopoa, Jeramu alicheka hadi akakaa chini. "Basi, fundi! Mungu wangu kahamia Upare, apande mnyama wa huku."

Halafu Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, akaingia dukani, akaiona sanamu, akaiazima. Tunakujua kuazima kwao. Ndivyo walivyoyaazima mabonde yetu wakapanda mkonge, na hadi leo hawajarudisha hata jembe. Nyumbani kwake alikuwa na rafu nzima ya miungu ya shaba. Hii akaitangaza kuwa ya kale, ya miaka mia tatu, kazi ya Bara Hindi, na kwamba itapelekwa Ulaya katika jumba la makumbusho.

Mzee wa kanisa Danieli alifurahi kweli: kama ni ya kale, basi Tumainieli hakuiunda. Akamwita Tumainieli: weka dole gumba mbele ya serikali kwamba hukuiunda, na Jumapili mtoto anabatizwa.

Sasa Danieli alikuwa akiwangoja kwenye baraza ya boma.

"Shikamoo, mzee," alisema Priska.

"Marahaba, mwanangu. Leo yanakwisha." Akamgeukia Tumainieli. "Na wewe usianze maneno yako."

"Baba Eliwaza," Priska alinong'ona, "weka tu. Shaba haina masikio."

Ndani, sanamu ilikuwa mezani mbele ya Bwana Shauri, na kando yake sanduku jipya la mbao. Tumainieli alichovya dole kwenye wino. Karani Kassimu akasoma karatasi kwa sauti: sanamu ni ya kale, Mwafrika hana ujuzi wa kazi hii. Tumainieli akashusha mkono kuelekea karatasi. Kassimu akaendelea: "Panya hana mkia. Fundi alikosea kwa uzembe."

Mkono ukasimama hewani.

"Nani kakosea?"

"Weka dole," alisema Bwana Shauri.

"Nimeuliza, nani mzembe? Mnaniambia sikuiunda, nanyamaza kwa ajili ya mwanangu. Sasa mnaniambia niliiunda vibaya?"

"Tumainieli!" Danieli alisogea kumvuta, na ndipo kwa mara ya kwanza akaitazama ile sanamu ambayo kwa ajili yake alimtenga mtu kanisani bila kuiona. Akainama. Maneno yakamtoka kabla hajafikiri: "Lakini huyu si panya. Huyu ni pimbi!"

Priska akaangua kicheko. Kassimu akainamisha uso kwenye karatasi, mabega yakimtikisika.

"Mwambieni bwana wenu," alisema Tumainieli, "Bara Hindi hawamjui pimbi wa Vudee."

Bwana Shauri aliiva uso kama pilipili. "Kimya! Kassimu, andika: panya wa aina adimu. Tia sandukuni. Huyu mtu atoke."

Kassimu akaandika. Wangeandika chochote.

"Sasa umekiri mbele yangu," Danieli alisema kwa huzuni. "Jumapili sitaweza."

"Umemjua pimbi wangu, mzee. Kanisani kawaambie hivyo hivyo."

Wino ulikuwa bado mbichi. Tumainieli akapita mezani, akalikandamiza dole lake juu ya kifuniko cha sanduku, kwa nguvu, mpaka mistari yote ya ngozi ikatokea kwenye mbao nyeupe. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mlete Eliwaza," alisema. "Tunapanda."