Akidi Haijatimia

...na si kwamba Januari hajaelewa, ameelewa vizuri, maana Kiswidi anachokitumia Syster Ingegerd, muuguzi, akisema naye ni kile cha taratibu wanachowapimia watoto na wageni, anasema nini huyu, Januari, ana akili zake au hana, niambie tu, wewe ndiye unayekijua Kiingereza chake, daktari anapita leo na mimi lazima nimpe neno, basi kijiko mkononi mwake kimebaki hewani, kimejaa uji wa shayiri, kati ya bakuli na mdomo wa mzee Hjalmar, na mzee mwenyewe hana habari na uji, ameketi wima kitandani, taulo kifuani, ndara mkononi, macho kayaelekeza kwenye ukuta mtupu kama mtu anayetazama ukumbi uliojaa watu, anaita majina. Anaita majina, Syster, angeweza kumjibu hivyo yakaisha, lakini hapo angeulizwa majina ya nani, na jibu lake ni majina ya wafu, wakulima na mawakili wa jimbo moja la ngano huko Marekani, wabunge wa miaka ile vita vya kwanza vilipokuwa vinawaka huku Ulaya, watu waliozikwa zamani, naye ndiye aliyekuwa Spika wao, na Januari akitamka hayo kwa Kiswidi chake cha kuungaunga yatatoka kama wazimu mtupu, wazimu wa watu wawili. Spika! Kwao Peramiho mtu aliyewahi kukalia kiti cha namna hiyo angepita njiani watu wakavua kofia, hata akizeeka, hata akijikojolea, bado angekuwa mheshimiwa, lakini hapa, tangu watu wa nchi hii waamue kufuta vyeo katika mazungumzo, daktari na mfagiaji wote majina matupu, Hjalmar kula, Hjalmar lala, Hjalmar weka ndara chini, ni yeye Januari peke yake katika nyumba hii nzima ya wazee anayemwita Mzee, na mara ya kwanza alipomwita hivyo mzee aliuliza ndiyo lugha gani hiyo, na maana yake nini, alipoelezwa akasema, 'Hilo ni bora kuliko Spika, hilo hawawezi kukupigia kura wakakunyang'anya...' Amegonga tena alfajiri, Syster anasema, anashika chuma cha kitanda kuonyesha mahali, amegonga kwa ndara mpaka chumba cha pili wakaamka wanalia, siwezi, Januari, wale nao ni wazee, na yeye siku hizi hata Kiswidi amekiacha, nikimwuliza ananijibu Kiingereza, kama hana akili zake nafasi ipo kule hospitali kubwa, nje ya mji... na Januari anaijua hospitali hiyo, alipelekwa huko siku moja kusaidia kubeba vitanda, milango yake inafungwa kwa nje. Si mwanamke mbaya, Ingegerd, koti alilolivaa Januari asubuhi hii kituoni Tensta anakoishi, akisubiri basi la Spånga kwenye theluji iliyokuwa inaruka kama pumba za mpunga, lilikuwa la mumewe marehemu, alimletea kwenye mfuko wa karatasi bila maneno mengi, kwa hiyo hawezi hata kumchukia, ingekuwa rahisi kama angeweza. Mzee ameita jina jingine. Anasubiri. Hivyo ndivyo anavyofanya, anaita, anatega sikio, anasubiri, kisha anaita linalofuata, na Januari anayajua kwa mfuatano wake kama litania ya watakatifu, kwa sababu huu ni msimu wa pili wa baridi anamwosha miguu huku akisikiliza, jinsi alivyobebwa na mama yake kuvuka bahari kwenda Marekani akiwa hajui hata kutembea, asirudi Uswidi ila uzeeni, jinsi Waswidi wa wilaya yake walivyomtuma bungeni kijana hajaota mvi hata moja, na jinsi vigogo wawili walivyogombea uspika wakashindana siku nzima na usiku, hakuna aliyempita mwenzake, mpaka watu wakachoka wakasema basi tumpe huyu Mswidi mpole, hatamuudhi mtu... 'Na uliwaudhi?' Januari alimwuliza. 'Siku ya kwanza tu,' mzee alisema, 'maana Spika ndiye anayegawa kamati, na kila mkono ulioinuka kunichagua ulishuka ukiwa umefunguliwa, kuomba,' na akaeleza jinsi alivyokuwa anakula peke yake mchana, mezani peke yake, Spika mzima, kwa sababu aliyeketi naye wengine walisema anatafuta uenyekiti wa kamati, na wasiotafuta kitu waliona haya kuketi naye wasije wakadhaniwa, hivyo akajifunza kula haraka. Kula haraka, hilo Januari analijua, chumba kimoja chenye jiko kule Tensta, ghorofa ya tano, sufuria moja, sahani moja, redio inasema lugha ambayo akichoka inageuka kelele tu, na simu juu ya kiti kwa sababu hajanunua meza ya kuiwekea, simu inayoita kila Jumapili baada ya misa... hapana, si sasa, Syster anasubiri. Anasema nini? Anasema bunge halijafunguliwa, Syster. Hapana. Anasema anawataka watu wake. Hapana pia. Mama yake Januari alipofariki kule nyumbani, telegramu ilifika Jumatano, maneno machache, mama amefariki tumeshazika, na chama cha Watanzania kikatangaza matanga nyumbani kwa Anselmo, Jumamosi, na Adelina mke wa Anselmo akapika sufuria ile kubwa ya kuazima, wali, maharage, akapanga viti hadi ukumbini, na viti vikabaki viti, wakaja watu wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, maana siku ileile Gervas mwenyekiti alikuwa na mgeni kutoka nyumbani, mkubwa fulani, na kila aliyekuwa na shida yake ya kupeleka kwa mkubwa alikwenda huko, wakaja Jumapili na pole zao zilizopoa, pole Januari, kazi ya Mungu, unajua mgeni yule, tusingeweza... Akangoja mkutano. Na mkutanoni akasimama, katibu wa chama akiwa bado yeye, akasema mwenyekiti ambaye msiba wa mwanachama kwake ni kitu cha kuahirishwa hafai, napendekeza ajiuzulu, na anayeniunga mkono anyooshe mkono, na Gervas hakukasirika hata kidogo, hilo ndilo lililomchoma zaidi, Gervas alitabasamu kama mtu aliyekwisha kuhesabu kabla ya swali kuulizwa, akasema, 'Haya ndugu zangu, mmemsikia katibu, mikono tafadhali,' na Januari akageuza shingo kutazama chumba chote, watu aliowapokea uwanja wa ndege, aliowatafsiria kwa daktari, na hakuna mkono, hakuna, na Anselmo, Anselmo waliyetoka naye shule moja, Anselmo alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu, kiatu ambacho Januari aliona wazi, mpaka leo anakiona, hakikuwa na kamba. Akatoka. Mlango wa ukumbi ule una mkono wa chuma, haujibamizi, unarudi wenyewe taratibu, hata hasira yake haikupata sauti... Hjalmar, meza basi, anasema Syster, naye mzee anainua kiganja kumnyamazisha, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemzuia mjumbe asiingilie hoja, na anaita, na jina ni lile la mtu wa reli, yule mnene, kisha litakuja la daktari wa mifugo, kisha ndugu wawili waliokuwa vyama tofauti wasiosalimiana, kisha Nels. Nels Aronson. Huyo mzee hamsimulii mara nyingi, wilaya zao zilipakana, mjini wakati wa vikao walikodi chumba kimoja, jiko moja la kuni, asubuhi anayetangulia kuamka ndiye anayewasha moto, na miaka miwili ilipopita bunge jipya likaja na watu wa reli, wale wa makampuni ya treni, wakawa na Spika wao, kura zikapigwa kwa sauti, jina kwa jina, na Nels ilipofika zamu yake alitazama kidau cha wino akamtaja mtu wa reli, na Hjalmar akateremka kwenye kile kiti kirefu, mbele ya wote, akatembea hadi safu ya nyuma, hakuna aliyemtazama, watu wazima wote wametoa karatasi ghafla wanasoma. 'Na kesho yake?' Januari alimwuliza, alikuwa anamkausha kati ya vidole vya miguu. 'Kesho yake nikaenda.' 'Ukaenda? Ukaketi nao?' 'Kiti changu kilikuwa jirani na cha Nels, sikukipanga mimi.' 'Mimi nisingekwenda, Mzee.' Na mzee akamtazama kwa macho yale ya maji, akasema, 'Jina langu lilikuwa bado linaitwa, kijana. Hawakulifuta. Linaitwa kila asubuhi, wewe huitiki, wiki ya kwanza wanageuka kutazama kiti, wiki ya pili hawageuki, na baada ya hapo si wao tena waliokutoa,' kisha akalalamika kwamba maji yamepoa. Daktari wa mifugo ameitwa. Kimya. Ndugu wa kwanza. Kimya. Ndugu wa pili... na vidole vya mzee vinakaza ndara, vinainuka, na Januari anaona, kwa mara ya kwanza anaona, jambo ambalo limekuwa mbele yake asubuhi zote hizi, kwamba mzee hagongi kwa wazimu, anagonga kwa sababu hakuna anayeitika, akidi haijatimia, na bila akidi Spika hawezi kufungua kikao wala kukifunga, hawezi kwenda nyumbani, anabaki pale juu na ukumbi mtupu, atafanya nini mtu huyo kama si kugonga... na hata mimi, anawaza Januari, hata mimi, nani alinifuta, hebu sema, nani, hakuna mkono ulioinuka kuniunga lakini hakuna ulioinuka kunitoa pia, simu inaita, kila Jumapili inaita, inaita, nakaa nayo chumba kimoja nikiihesabia mpaka ichoke, nikijua ni Anselmo, nikijua anapiga kutoka sebuleni kwake huku Adelina anamwambia mwache, hataki, na yeye anasema ngoja kidogo, ngoja, labda yuko bafuni, mwaka mzima niko bafuni... Januari, anasema Syster Ingegerd, sasa si kwa taratibu tena, nijibu. 'Nels Aronson,' anaita mzee. Na sauti aliyoitumia si ya Spika, ni ya mtu anayeita kutoka kitandani chumba kikiwa na baridi, mwenzake akiwa karibu na jiko, na kimya kinachofuata ni kirefu kuliko vingine, ndara iko juu, na Januari anasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutosha chumba chote, 'Nipo, mheshimiwa Spika.' Kichwa cha mzee kinageuka. Taratibu, kama mlango mzito. Anamtazama Januari, au anamtazama mtu aliyesimama mahali pa Januari, na uso wake hauna hasira, wala hauna msamaha, una ile kazi tu ya mtu anayehakikisha kwamba aliyeitika ndiye aliyeitwa. 'Umechelewa, mheshimiwa.' 'Nimechelewa.' 'Keti.' Basi Januari anaketi, ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo haliruhusiwi, kijiko mkononi, na ndara inashuka polepole juu ya blanketi, bila kugonga. Amesema nini, anauliza Syster, amesogea miguuni pa kitanda. 'Amesema niketi,' anasema Januari. 'Anaendesha kikao, Syster. Akili anazo, ila ziko ukumbini kule, na akiita mtu asipoitika ndipo anagonga. Ni kuitika tu. Neno moja, nitakufundisha, na wa zamu ya usiku nitamfundisha.' Na Syster Ingegerd anatazama ndara iliyolala, anatazama saa yake iliyobandikwa kifuani, sura ya mtu anayepima atamwambia nini daktari, na Januari hajui ameokoa kitu au ameahirisha tu, uji ule ule umeanza kushika utando, theluji inapiga kioo, hakuna kilichobadilika humu ndani, ila kitu kimelegea chini ya mbavu zake kikauma, kama mguu uliokaliwa muda mrefu damu inaporudi, na anajua Gervas hatamsamehe wala yeye hatamsamehe Gervas, hilo liko palepale, lakini Anselmo... atasema nini akiinua ile simu, hajui, labda ataanza na hali ya hewa kama Waswidi, labda hatasema kitu, atalia tu, maana mama yake hajamlilia bado, alikuwa na hasira akasahau kulia, na Anselmo atangoja upande wa pili, atasikika akipumua, na Adelina atauliza ni nani, ni nani... Mzee amevuta pumzi, ameita jina jingine, mtu ambaye Januari hamjui hadithi yake, la mwisho au karibu na la mwisho, na chumba kimetulia, na Syster Ingegerd, mkono kwenye chuma cha kitanda, ameacha kumtazama mzee, anamtazama Januari mdomoni, akilingoja lile neno.