Saa Kumi na Nane Hadi Khujand

Sanavbar alikuwa akipanga samaki kwenye makasha kiwandani, huko Vladivostok, mashariki ya mbali ya Urusi, mdogo wake Qurbonali alipompigia simu kutoka kwao Isfara.

"Dada, mama hali chakula tena. Tangu jana anakuita. Kama unakuja, njoo sasa hivi."

"Nakuja. Mwambie anisubiri."

"Anisubiri! Kwani yuko stendi?" Qurbonali alijaribu kucheka, sauti ikamkatika.

Ndege ya moja kwa moja haikuwapo. Muuza tiketi alimpigia hesabu: saa sita hadi Novosibirsk, kungoja saa tisa, kisha saa tatu hadi Khujand, uwanja wa ndege wa karibu na Isfara. Jumla kumi na nane.

"Hakuna njia fupi?"

"Dada yangu, dunia si kitambaa niikunje."

Kulikuwa na jambo ambalo Sanavbar hakumwambia mdogo wake. Karatasi zake za kazi zilikwisha muda mwaka juzi. Ndani ya Urusi aliweza kujificha na kuendelea kufanya kazi. Akivuka mpaka tu, asingeruhusiwa kurudi. Na nyumba mbili zilikula kwa mikono yake: ya mama, na ya Qurbonali, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akaumia mgongo.

Asubuhi alipanda ndege. Mzee aliyeketi kando yake alimwona akitazama saa kila mara.

"Unakimbizana na nini, binti?"

"Na mama yangu."

Mzee akamwambia kwa upole kwamba wanalifuata jua kwenda magharibi, na kwamba huko anakokwenda kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri. Sanavbar akapata nguvu kidogo.

Huko Novosibirsk alikaa kwenye benchi saa zote hizo, theluji ikianguka nje. Simu haikulia. Akasema moyoni, kimya ni heri. Jioni akajipanga kwenye foleni ya pasipoti. Askari alifunua kurasa, akamtazama.

"Ukitoka hapa, hurudi kwa miaka mitano. Unajua?"

"Najua."

"Una uhakika?"

"Gonga muhuri, mwanangu."

Akagonga. Sanavbar hakuwa amefika hata kwenye viti vya upande wa pili simu ilipolia.

"Dada," alisema Qurbonali, "tumemzika alasiri. Alikata roho asubuhi. Mulla wa msikitini alisema haifai kumweka."

"Asubuhi? Mbona hukunipigia?"

"Ningekupigia ukalie njiani peke yako? Nikaona heri uje, ulie nyumbani."

"Qurbonali, ungenipigia, ningebaki."

"Ungebaki vipi? Ubaki ufanye nini?"

Ndipo Sanavbar akamweleza habari ya karatasi. Mdogo wake akaanza kulia kama mtoto, akirudia, "Sikujua, dada. Wallahi sikujua."

Kulikuwa bado na saa tatu za angani. Alizikaa zote akitazama kiti cha mbele.

Kesho yake Qurbonali, akiegemea fimbo, alimpeleka makaburini. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia, Sanavbar akasimama nje ya ukuta wa udongo. Mdogo wake alinyoosha mkono kuonyesha kaburi, lakini makaburi mapya yalikuwa matatu, yote yamelowa mvua, naye Sanavbar hakutambua ni lipi.

"Umeliona?"

"Nimeliona," akasema.

Walirudi polepole. Njiani Qurbonali aliuliza sasa watakula nini. Sanavbar akamshika mkono wavuke mtaro.